Nani Atamwambia Rais "Hapana"?

Wamarekani wana mchezo wao wa kuwapanga marais wao kwa daraja, kama mwalimu apangavyo watoto darasani. Mwaka 1948 Profesa Arthur Schlesinger wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwauliza wataalamu wa historia 55 wampe kila Rais alama yake, na tangu siku hiyo mchezo haujakoma. Karibu kila mara wa kwanza ni Abraham Lincoln, nao George Washington na Franklin Roosevelt hawako mbali naye. Mkiani siku hizi hakosi James Buchanan, aliyetazama tu nchi ikipasuka mikononi mwake.

Sisi hatuna ugomvi na mchezo huo, ila twaona unauliza swali lisilo na faida kubwa. Unauliza Rais yupi alikuwa hodari. Haya, alikuwa hodari, kisha? Mtu hodari huondoka madarakani, au hufa, lakini madaraka aliyojitwalia hayaendi naye kaburini. Hubaki mezani yakimngoja ajaye, na ajaye hajulikani ni nani. Swali tulitakalo sisi ni jingine: Rais alipotaka kuruka mpaka, nani alimzuia? Tukipekua historia yao ya miaka zaidi ya mia mbili twapata jibu ambalo linawahusu sana watu wa vyama, popote walipo. Mara nyingi aliyemzuia alikuwa mtu wa chama chake mwenyewe, au jaji aliyewekwa na mkono wake mwenyewe. Na pale watu wake waliponyamaza, Katiba nayo ilinyamaza.

Katiba hiyo iliandikwa Philadelphia mwaka 1787 na watu waliokuwa wametoka juzi tu chini ya mfalme wa Uingereza, wala hawakutaka mfalme mwingine. Kutangaza vita wakaipa Kongresi, yaani bunge lao lenye mabaraza mawili, la Wawakilishi na la Senati. Mfuko wa fedha wakaipa Kongresi. Rais akikosa, Baraza la Wawakilishi humshitaki na Senati humhukumu. Maandishi mazuri. Lakini hebu tazama: mara ya mwisho Kongresi kutangaza vita rasmi ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Rumania. Je, tangu mwaka huo Marekani haikupigana? Waulizeni watu wa Korea, Vietnam na Irak. Karatasi ni ile ile, haikubadilishwa hata nukta katika jambo hili. Tena katika Katiba ile neno chama halimo kabisa. Walioiandika walidhani Kongresi itamwonea Rais wivu siku zote, kama wake wenza. Hawakufikiri kwamba Rais na nusu ya Kongresi watakuwa watu wa bendera moja.

Tuanze na Lincoln, maana ndiye mwenye alama ya kwanza. Aprili 1861 majimbo ya Kusini yalikuwa yameasi na Kongresi haikuwa ikikutana. Tarehe 27 ya mwezi huo Lincoln aliwapa wakuu wa jeshi ruhusa ya kumkamata mtu na kumweka ndani bila kumfikisha mbele ya hakimu, katika njia yote ya kutoka Philadelphia mpaka Washington. Mtu mmoja wa Maryland, John Merryman, akakamatwa. Jaji Mkuu Roger Taney akaamua kwamba haki ile haiwezi kusimamishwa na Rais peke yake, maana hiyo ni kazi ya Kongresi. Lincoln hakutii. Watu wakaendelea kukamatwa, na Kongresi ikaja kulihalalisha jambo lenyewe kwa sheria mwezi Machi 1863, miaka miwili karibu baadaye.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Taney huyo ndiye aliyeandika mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Na Lincoln, kwa madaraka yale yale ya Amiri Jeshi Mkuu, ndiye aliyetoa tangazo la tarehe 1 Januari 1863 la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Mwafrika asomaye habari hizi moyo wake utakuwa upande gani? Wetu uko upande wa Lincoln, wala hatufichi. Lakini neno alilolisema Taney juu ya kukamata watu lilikuwa neno la sheria, hata kama lilitoka katika kinywa kile. Ndiyo taabu ya mambo haya: mtu mwovu aweza kusema haki, na mtu mwema aweza kuikanyaga akiwa na sababu njema kabisa.

Lakini walio wengi huisimulia habari ya Lincoln na kuiachia hapo, ati mwenye nia njema asifungwe na sheria. Haiishii hapo. Lincoln mwenyewe alijua kwamba tangazo la vita si msingi wa kudumu, akahimiza Katiba ibadilishwe, na Desemba 1865 utumwa ukakatazwa na Katiba yenyewe, yeye akiwa amekwisha uawa tangu Aprili. Mwaka 1864, vita vikiwaka, alikubali kupigiwa kura, naye alihofu kwamba atashindwa. Na mwaka 1866 Mahakama ya Juu ikaamua, katika kesi ya Milligan, kwamba raia asihukumiwe na mahakama ya jeshi mahali ambapo mahakama za kawaida ziko wazi. Aliyeandika hukumu hiyo ni nani? Ni David Davis, rafiki wa Lincoln wa miaka mingi, aliyempigania katika mkutano wa chama mwaka 1860 mpaka akachaguliwa kuwa mgombea, na ambaye Lincoln mwenyewe ndiye aliyempa ujaji. Huyo ndiye aliyesema kwamba serikali ya rafiki yake ilipita mpaka. Alisema vita vimekwisha na rafiki yuko kaburini, hilo ni kweli, lakini alisema.

Sasa njooni kwa Roosevelt. Mwaka 1936 alishinda majimbo 46 kati ya 48. Nchi ilikuwa katika dhiki ya kukosa kazi, na Mahakama ya Juu ilikuwa imevunja sheria zake kadhaa za kuwaokoa watu. Tarehe 5 Februari 1937 akapeleka mpango wake: kila jaji aliyepita miaka 70 asitake kustaafu, Rais apate kumwongezea mwenziwe, mpaka majaji wapya sita. Katiba haikumkataza, kwa kuwa idadi ya majaji haikutajwa ndani yake. Chama chake cha Democratic kilijaa Senati nzima, Warepublican walibaki wachache wa kuhesabika. Nani angemzuia?

Walimzuia Wademocrat. Mbele yao alikuwa Burton Wheeler, Seneta wa Montana, mtu aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa kwanza kumwunga mkono Roosevelt kabla hajawa Rais. Hakuwa adui wa maskini, wala hakuwa kibaraka wa matajiri. Zile sheria za kuwasaidia wananchi yeye naye alizitaka. Hoja yake na ya wenzake ilikuwa nyepesi: tukimpa mtu wetu uwezo wa kuijaza mahakama leo, kesho atakapokuja asiye wetu tutamnyima kwa mdomo gani? Ni kweli kwamba katikati ya mvutano huo mahakama ilianza kulegeza kamba, na jambo hilo likaupunguzia mpango nguvu. Hata hivyo kura zilipigwa. Julai 1937 Senati iliurudisha mpango huo katika kamati ukafie huko, kwa kura 70 dhidi ya 20. Rais aliyependwa kuliko wote wa zama zake akaambiwa hapana na watu waliochaguliwa kwa jina lake.

Miaka mitano haikutimia. Februari 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, Roosevelt huyo huyo akatia sahihi amri namba 9066. Watu wenye asili ya Kijapani wapatao 120,000 wakaondolewa pwani ya magharibi wakatiwa katika makambi, na theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani waliozaliwa pale pale. Hawakushitakiwa kosa lo lote. Safari hii Kongresi haikupinga. Iliharakisha sheria ya kumwadhibu atakayekataa kuondoka. Desemba 1944 Mahakama ya Juu ikaipa serikali haki kwa kura 6 dhidi ya 3. Mmoja wa wale watatu alikuwa Robert Jackson, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Roosevelt kabla ya kuwa jaji. Alionya kwamba hukumu ya namna hiyo hubaki kama bunduki iliyokwisha tiwa risasi, imemngoja mkubwa ye yote atakayekuja na kisingizio cha dharura. Marekani iliomba radhi mwaka 1988, ikalipa dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai.

Mbona mwaka 1937 walipatikana watu sabini na mwaka 1942 hawakupatikana? Chama ni kile kile, Rais ni yule yule. Twaona sababu haikujificha. Majaji walikuwa na watu wa kuwatetea. Wazee wa Kijapani walikatazwa na sheria za Marekani kuwa raia, kura hawakuwa nayo, na seneta wa kule California aliyetaka kurudi Washington hakupata hasara yo yote kwa kunyamaza.

Jackson huyo alipata nafasi nyingine mwaka 1952. Rais Truman, akiwa na vita Korea na mgomo ukikaribia, alitwaa viwanda vya chuma tarehe 8 Aprili kwa amri yake tu. Majaji wote tisa walikuwa wamewekwa na yeye Truman au na Roosevelt. Tarehe 2 Juni sita kati yao, Jackson akiwamo, wakasema hana uwezo huo, na wawili kati ya sita hao walikuwa wateule wa Truman mwenyewe. Truman alikasirika sana, akavirudisha viwanda siku hiyo. Mgomo ukaanza, na vita havikushindwa kwa ajili yake.

Sasa tutazame siku ambayo karibu wote walisema ndiyo. Agosti 1964 Rais Lyndon Johnson aliiambia Kongresi kwamba manowari za Marekani zimeshambuliwa katika Ghuba ya Tonkin, akaomba ruhusa ya kufanya lo lote litakalohitajika. Baraza la Wawakilishi likampa kwa kura 416, hakuna aliyepinga hata mmoja. Senati ikampa kwa kura 88 dhidi ya 2. Wale wawili walikuwa Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska, wote wawili Wademocrat, chama cha Rais. Walisema kwamba Kongresi inagawa kitu kisicho mali yake kukigawa. Shambulio la pili, lile lililotajwa sana siku ile, baadaye ilionekana kwamba halikutokea. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita vile, na Wavietnam mamilioni. Na Morse na Gruening? Mwaka 1968 wote wawili walipoteza viti vyao.

Twalitaja hilo kwa makusudi, maana wako wasemao kwamba mtu mwenye msimamo hulipwa. Hulipwa na nani? Wapiga kura wa mwaka ule hawakumlipa.

Hapa msomaji wetu mmoja atasimama na kusema: chama ni nidhamu. Kama kila mwanachama atampinga kiongozi hadharani, adui atacheka na kazi haitakwenda. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Chama kisicho na umoja ni kundi la watu sokoni. Lakini twauliza: nidhamu kwa nani? Wheeler hakuitoka programu ya chama chake, alimpinga Rais alipotaka kitu ambacho chama hakikumtuma. Mwanachama aliahidi kutii maazimio, hakuahidi kutii kila atakachoamka nacho mkubwa asubuhi. Na tuseme kweli, aliyemdhuru Johnson ni yupi? Ni Morse aliyemwambia hapana siku ya kwanza, au ni wale 88 waliompeleka kwa makofi mpaka Machi 1968 akalazimika kutangaza kwamba hatagombea tena?

Watu wa Richard Nixon walichelewa, lakini walifika. Mwaka 1972 alishinda majimbo 49 kati ya 50. Watu wa kamati yake ya uchaguzi walikuwa wamekamatwa wakivunja ofisi za wapinzani wao katika jumba la Watergate, na Rais akasaidia kuficha. Alipotakiwa kutoa kanda za sauti alizorekodi ofisini kwake alikataa, akidai siri ya Rais. Tarehe 24 Julai 1974 majaji wanane, bila kupingana, wakamwamuru azitoe. Watatu kati yao aliwateua yeye, na Jaji Mkuu aliyeandika hukumu alikuwa mmoja wao. Kanda zikamfichua. Tarehe 7 Agosti wakamwendea Ikulu Barry Goldwater, Hugh Scott na John Rhodes, vigogo wa chama chake cha Republican, wakamwambia kura hana. Tarehe 9 akajiuzulu. Wademocrat walikuwa wamempigia kelele mwaka mzima na hakutikisika. Ilitosha wazee watatu wa kwake kuvuka barabara.

Yote haya yalikuwa ndani ya nchi yao. Nje ni habari nyingine, na sisi Waafrika twaijua kwa damu. Mwaka 1975 kamati ya Senati chini ya Frank Church wa Idaho ilichunguza mipango ya siri ya kuwaua viongozi wa nchi nyingine. Juu ya Patrice Lumumba, ilisema kwamba ushahidi watosha kumfanya mtu aamini kuwa mpango wa kumwua mwaka 1960 ulikuwa na idhini ya Rais Eisenhower. Sumu ilipelekwa mpaka Leopoldville mwezi Septemba. Haikutumika, Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 na watu wa Katanga pamoja na maofisa wa Kibelgiji, na kamati haikuona mkono wa Wamarekani katika mauaji yenyewe. Basi, nani angemwambia Eisenhower hapana? Maseneta hawakujua. Mahakama haikujua. Lumumba hakuwa na kura Ohio. Church, ambaye ni Democrat, aliyafunua pia yaliyopangwa dhidi ya Castro wakati wa Rais Kennedy wa chama chake, na kwa hilo twampa heshima yake. Lakini dawa iliyopatikana ilikuwa nini? Februari 1976 Rais Ford alitoa amri ya kukataza mauaji ya kisiasa. Amri ya Rais! Ni kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa yule yule tunayemfungia mlango.

Kadhalika Libya. Sheria ya mwaka 1973, iliyopitishwa juu ya kura ya turufu ya Nixon, yasema Rais akiingiza jeshi vitani bila kibali cha Kongresi aache baada ya siku 60. Rais Obama alianza kuipiga Libya tarehe 19 Machi 2011. Siku 60 zikapita, na serikali yake ikasema kwamba kule kurusha makombora na ndege si mapigano kwa maana ya sheria ile. Tarehe 24 Juni Baraza la Wawakilishi likakataa kumpa kibali, na siku hiyo hiyo likakataa kumnyima fedha. Msomaji ajiamulie mwenyewe hiyo ni hapana au ni ndiyo.

Tumalizie na ya karibu. Donald Trump aliposhindwa mwaka 2020 alimpigia simu msimamizi wa uchaguzi wa Georgia, Mrepublican mwenzake, tarehe 2 Januari 2021, akimtaka amtafutie kura 11,780. Yule akakataa. Siku nne baadaye Makamu wake, Mike Pence, akakataa kuzitupa kura za majimbo, na watu wenye hasira walikuwa wamekwisha lizingira jengo la Kongresi. Wawakilishi kumi wa Republican wakapiga kura ya kumshitaki, na maseneta saba wakamwona ana hatia. Jumla ya kura za hatia katika Senati zikawa 57, zilihitajika 67. Kati ya wale wawakilishi kumi, wanne hawakugombea tena na wanne wakaangushwa na wanachama wenzao katika kura za ndani ya chama. Waliorudi bungeni baada ya uchaguzi wa 2022 ni wawili tu.

Kila Mrepublican aliihesabu hesabu hiyo. Kisha tarehe 1 Julai 2024 Mahakama ya Juu ikaamua, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba Rais ana kinga kamili ya kutoshitakiwa kwa jinai juu ya madaraka yake ya msingi aliyopewa na Katiba, na kwamba matendo yake mengine ya kiserikali nayo yadhaniwe kuwa na kinga mpaka serikali ithibitishe vingine. Watatu kati ya wale sita aliwateua Trump. Novemba akachaguliwa tena, na siku alipoapishwa, tarehe 20 Januari 2025, akatoa msamaha kwa watu wapatao 1,500 walioshitakiwa kwa ghasia zile. Kinga hiyo hakupewa yeye peke yake. Kapewa kila Rais atakayekuja, Mdemocrat na Mrepublican, na Wademocrat wanaoilaani leo hatujui watasemaje siku itakapomfaa mtu wao.

Imebaki njia ile ya mwaka 1787, ya theluthi mbili za Senati. Mpaka mwaka 2021 ilikuwa imejaribiwa mara nne: Andrew Johnson mwaka 1868, Clinton mwaka 1999, na Trump mara mbili. Mara zote nne kura hazikutimia. Johnson aliponea kura moja, na waliomwokoa walikuwa maseneta saba wa Republican waliokataa amri ya chama chao. Nixon hakungoja kuhesabiwa.